Kamera ya harusi Mackinnon Road: bei ya dukani si gharama ya kazi

Kila msimu wa harusi unapokaribia, vijana wa hapa Mackinnon Road huniuliza swali moja: nikitaka kamera ya video ya HD kwa bei nafuu, ninunue ipi ambayo haitaniaibisha mbele za watu? Wiki hii nalijibu hadharani, kwa sababu si swali la dukani peke yake. Ndani yake mna ajira, mkopo, ushuru na sheria, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumzamisha kijana kabla hajarekodi harusi ya tatu.

Tuanze na pesa zinakokwenda. Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na reli zote mbili, ya zamani na ya SGR, zinapita upande wetu. Wasafiri husimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah, hunywa chai, kisha huendelea na safari. Tumezoea kuona pesa zikipita. Harusi lakini ni pesa zetu wenyewe. Hema na viti tunakodisha hapa, pilau inapikwa na kina mama wa hapa, muziki unapigwa na dijei wa hapa. Video ndiyo bado. Familia ikitaka video ya maana huagiza mtu kutoka Mombasa au Voi, humlipia nauli na chakula, na akishamaliza anaondoka na ujira wake. Kijana wetu aliyemaliza shule anabaki kubeba viti.

Kwa hiyo ninaposikia vijana wanataka kuingia katika kazi hii, nafurahi. Ninachohofia ni namna wanavyoingia. Wengi hutazama maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, 4K hii, zumu mia ile, halafu wanamaliza akiba yote kwa kamera tupu. Maoni yangu ni haya: kamera nafuu ni ile inayoweza kujilipa kwa harusi za hapa, na hiyo haipatikani kwa kuangalia bei ya dukani peke yake.

Mteja ananunua nini?

Mshindani wa kwanza wa mpiga video leo ni simu. Kila mgeni anayo, na simu nyingi zinarekodi picha safi kabisa mchana. Kama unachouza ni picha nzuri ya bibi harusi akitabasamu juani, umeshachelewa, maana shangazi zake kumi wameshaituma WhatsApp kabla hujafika nyumbani.

Familia inalipa kwa kile ambacho simu ya mgeni haiwezi kuahidi: kwamba ijabu na kabuli zitasikika, au kiapo cha kanisani kitasikika neno kwa neno, kwamba kamera haitakatika katikati ya mawaidha, kwamba saa mbili usiku, taa za jenereta zikiwa zinayumba, nyuso za wazee zitaonekana. Sauti, muda na mwanga hafifu. Kamera yoyote unayopewa dukani ipime kwa mambo hayo matatu kabla ya kuuliza kitu kingine.

Sauti kwanza. Angalia kama kamera ina tundu la maiki ya nje. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera husikia kilicho karibu nayo: kikohozi cha mgeni wa safu ya nyuma, mtoto anayelia, upepo wa nyika unaopiga turubai la hema. Anayeoa yuko mbali, na ndiye tunayetaka kumsikia. Angalia pia kama kiwango cha sauti kinaweza kuwekwa kwa mkono. Ngoma ya sengenya au spika za dijei zikianza, kamera inayojirekebisha yenyewe hushusha sauti yote kwa ghafla, na vigelegele vinageuka mlio wa bati. Tundu la kusikilizia kwa hedifoni ni faida ya ziada, kwa sababu kosa la sauti lisiposikika papo hapo halitengenezeki tena.

Pili, muda. Kuna vijana wanaoambiwa wanunue kamera za picha zenye lenzi za kubadilisha, kwa kuwa zinatoa picha ya kuvutia yenye mandhari ya nyuma iliyofifia. Ni kweli zinavutia. Lakini nyingi za miaka iliyopita hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Chanzo chake ni ushuru: Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo, ukiihesabu kuwa kamera ya video, na watengenezaji wakaikwepa kwa kukata sekunde moja. Kamera hizo sasa zinauzwa hapa kama mitumba. Ushuru uliowekwa Ulaya unaweza kumkatia mawaidha shehe wa Mackinnon Road. Kamera halisi ya video haina kikomo hicho; hurekodi mpaka kadi ijae au betri iishe.

Tatu, mwanga. Hapa ndipo ukubwa unapodanganya. Kila kamera ya kisasa ina kihisi, kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kikiwa kidogo sana, picha ya usiku hujaa chengachenga. Kamera kubwa ya begani haimaanishi kihisi kikubwa. Sony HXR-MC2500, ambayo ni ya begani na inampa mpiga picha heshima mbele ya wageni, ina kihisi cha robo inchi. Panasonic HC-V770, inayoingia kiganjani, ina kihisi cha kipimo cha 1/2.3, ambacho ni kikubwa zaidi. Siidharau ya begani: inatulia mwilini, na vitufe vyake viko wazi kwa mkono unaofanya kazi kwa haraka. Ninachosema ni kwamba usilipie umbo ukidhani unalipia jicho.

Kamera tatu na mtego mmoja

Nikitoa mifano ya kamera ndogo za HD zinazotajwa sana, ni hii. Sony HDR-CX405 ya mwaka 2015 ni nyepesi na huvuta mara 30 kwa lenzi, lakini haina tundu la maiki ya nje, na kihisi chake ni kidogo mno, 1/5.8. Kwa harusi naiona kama kamera ya pili, ya kusimamishwa pembeni itazame umati. Canon Legria HF R806 huvuta mara 32 na ina tundu la maiki. Inafaa kanisani mchana, pale mpiga video anapotakiwa kukaa nyuma. HC-V770, nayo ya 2015, huvuta mara 20 tu, lakini ina tundu la maiki na la hedifoni, na kihisi chake kinaistahimili jioni. Kwa harusi zetu, ambazo nusu yake huchezwa baada ya magharibi, mimi ningechagua aina hiyo ya tatu kuliko zumu ndefu. Na zumu ninayoisemea ni ile ya lenzi. Zumu ya kidijitali iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi hukata picha na kuikuza, na matokeo yake ni ukungu.

Ona miaka ya kamera hizo. Simu zimelimeza soko la kamera ndogo za video, na matoleo mapya ni machache. Kwa hiyo nyingi utakazokutana nazo zimeshatumika, na hapo ndipo penye mtego ambao wauzaji wengi hawausemi.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani umeme wao ni wa mizunguko 60, na kamera zilizotengenezwa kwa soko hilo hurekodi picha 30 au 60 kwa sekunde. Ukiileta kamera hiyo chini ya taa zetu za mirija au za LED za bei rahisi, picha inaweza kupepesa au kupitwa na mistari myeusi kutoka juu hadi chini. Jua likiwapo huoni kitu. Tatizo huanza ukumbini. Kamera za soko la Ulaya na letu hurekodi picha 25 au 50, na hizo zinaendana na taa zetu. Kama iliyopo ni ya Marekani pekee, hakikisha unaweza kuweka kasi ya shata kwa mkono iwe 1/50 au 1/100. Isipokubali, iache. Jaribio ni rahisi: ukiwa dukani, elekeza kamera kwenye taa ya mrija, rekodi dakika mbili, kisha itazame kwenye televisheni ya dukani, si kwenye kioo chake kidogo.

Swali la 4K nalo tulimalize kwa hesabu. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, kama milioni mbili. Ya 4K ina mara nne ya hizo. Kamera ya HD inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde hula gigabaiti 10.8 kwa saa. Ya 4K kwa megabiti 100 hula gigabaiti 45. Harusi ya saa sita ni gigabaiti 65 upande mmoja na 270 upande wa pili. Hizo 270 zinahitaji kadi za kasi, diski za kuhifadhia, na kompyuta yenye nguvu ya kuhariri, kisha mteja anataka aitazame kwenye simu. Kwa anayeanza, HD kamili yenye sauti safi inatosha kabisa.

Mkopo wa siku 14, kamera ya miaka 5

Sasa tuje kwenye pesa. Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo natumia tarakimu za mfano. Tuseme kijana ana shilingi 60,000. Ushauri wangu ni kwamba kamera yenyewe isizidi 40,000. Zilizobaki ni za maiki ya kifuani, stendi ya miguu mitatu, betri mbili za akiba, kadi mbili, na mfuko wa kuzuia vumbi. Vumbi jekundu la nyika ya Taru likiingia kwenye lenzi inayojifungua yenyewe, hakuna dhamana itakayokusaidia. Aliyenunua kamera ya 60,000 bila betri ya pili ana kifaa kizuri cha kurekodi nusu harusi.

Wengi hawana hizo 60,000, na serikali inawaambia kuna mikopo. Mfuko wa Hustler ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ukitoa mikopo ya mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Watu hulalamikia riba. Mimi sioni tatizo liko kwenye riba. Kwa shilingi 50,000 na siku 14 za kulipa, riba ni kama shilingi 153. Tatizo ni zile siku 14. Kama harusi moja inalipa shilingi 10,000, kijana atahitaji harusi tano ndani ya wiki mbili ili arudishe deni, kabla hajala wala kulipa bodaboda. Hakuna mji wa ukubwa wetu wenye harusi tano kwa mpiga video mmoja ndani ya wiki mbili, hasa ukikumbuka kuwa msimu wenyewe ni Agosti, Desemba, wiki za kabla ya Ramadhani na Mfungo Mosi. Mkopo huo unamfaa mama muuza mboga anayezungusha mtaji kila siku. Kifaa kitakachofanya kazi miaka mitano hakilipiki kwa mkopo wa wiki mbili, na anayejaribu huishia kuiuza kamera.

Mkopo wa vikundi wa mfuko huohuo, ulioanza Juni 2023, una afadhali kwa sababu muda wake ni miezi 6. Hapo kikundi cha vijana watatu, kamera mbili na stendi mbili, kinaweza kupumua. Hata hivyo miezi 6 ikiangukia nje ya msimu ni ileile mibano. Serikali ya Kaunti ya Kwale, inayozungumzia uwezeshaji wa vijana kila bajeti, inaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kununua vifaa kadhaa, kuviweka katika wadi, na kuvikodisha kwa vikundi vilivyosajiliwa, kama watu wanavyokodisha hema. Kijana angejifunza kazi na kupata wateja kabla ya kubeba deni. Kutoka hapa hadi ofisi za Kwale mjini ni safari ya kutwa. Mpango wowote usiofika wadini ni mpango wa watu wa Kwale mjini na Ukunda.

Ushuru nao una sehemu yake. Kamera inayoingia nchini hutozwa ada ya tamko la bidhaa ya asilimia 2.5 na ada ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 na kupandishwa hadi 2 mwishoni mwa 2024. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Katika kila shilingi 50,000 unazolipa dukani, karibu 6,900 ni VAT. Kampuni kubwa ya Nairobi iliyosajiliwa kwa VAT inaweza kudai kodi hiyo irudishwe kwa njia ya hesabu zake. Kijana wa hapa, ambaye mauzo yake hayakaribii shilingi milioni 5 kwa mwaka zinazomlazimu mtu kujisajili, anaibeba yote. Reli anailipia kamili, hata kama treni inampita tu akiwa kwenye hema la harusi.

Nani ashike kamera

Kuna nafasi nyingine ambayo wengi wanaipita bila kuiona. Katika harusi zetu za Kiislamu, nikahi ni ya wanaume, lakini sherehe kubwa, kupamba na ngoma za ndani, ni za wanawake, na mwanamume hakanyagi. Familia huishia na video ya msikitini ya saa moja, na siku mbili za furaha ya nyumbani zinabaki kwenye simu za mabinamu. Msichana mwenye kamera ndogo, maiki na heshima ya kuaminiwa ana soko ambalo hakuna mtu wa Mombasa wa kiume anayeweza kumnyang'anya. Kwa kazi hiyo kamera ya kiganjani ni bora kuliko ya begani, kwani vyumba ni vidogo na wenyewe hawataki kutishwa. Kama kikundi cha vijana watatu hakina msichana, kimejifungia nusu ya harusi.

Imani hiyo sasa inalindwa na sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Mgeni anayerekodi kwa matumizi ya nyumbani hasumbuliwi. Wewe unayelipwa, kisha ukaiweka video Facebook au TikTok kujitangaza, uko katika hali tofauti, na mtoto akionekana unahitaji ridhaa ya mzazi wake. Si vitisho vya karatasi. Septemba 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi za Nairobi: klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Faini kama hiyo hapa inauza kamera, shamba na ng'ombe. Andika mkataba wa ukurasa mmoja: siku, saa, malipo, video itakabidhiwa lini, na nani ameruhusu kipande gani kitoke nje. Kwa video ya wanawake, jibu liwe hakitoki hata kimoja, na kadi ikabidhiwe mwenye harusi.

Wenye harusi nao wana lao la kufanya. Tunalipa hema kabla halijasimamishwa na mpishi kabla hajawasha moto, lakini mpiga video tunamwambia aje wiki ijayo, halafu wiki nyingine. Halafu tunashangaa kwa nini kijana wetu hana betri mpya. Mpeni nusu mkononi siku ya kuagana, kama mnavyompa mtu wa Mombasa bila kubishana.

Kwa hiyo ukiniuliza tena kamera gani, nitakuuliza kwanza: utaisikia vipi sauti ya anayeoa, utarekodi saa ngapi bila kukatika, taa za ukumbini zikoje, na deni lako linaisha lini? Ukiwa na majibu hayo manne, nenda dukani na taa ya mrija uitafute. Kama huna, kodisha kamera kwa harusi mbili, uzipige vizuri, kisha hesabu zilizobaki mfukoni. Hizo ndizo zitakazokuambia ununue ipi.